Mwanya

Treni ya chini ya ardhi ya Glasgow ni duara,
vituo kumi na tano, haiendi kokote.
Ukisinzia itakurudisha ulipoanza
na hakuna atakayekudai nauli ya usingizi.
Nikaapa: kila Jumamosi kituo kimoja,
nishuke, nitembee hadi soksi zilowe,
nirudi na kitu cha kumsimulia Mwasiti
anayepiga simu kutoka Songea kuuliza,
"Umeshaujua huo mji?"

Jumatatu hadi Ijumaa naujua kwa vinywa tu.
Natengeneza meno ya bandia
katika chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta.
Vinywa huletwa vya plasta, ndani ya maboksi,
bila macho, bila salamu,
kila kimoja na jina la ukoo kwa kalamu ya risasi:
juu, chini, chonge, gego.
Nimeshika fizi za watu mia mbili wa mji huu
na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeamkaje.

Jumamosi ya kwanza, Cowcaddens: mvua.
Ya pili, Kelvinbridge: mvua, na mto uliovimba,
na kijana mwenye mwavuli uliopinduka kama bakuli,
akitembea nao hivyo hivyo, akikinga.
Ya tatu sikwenda. Nilifua.
Ya nne nilishuka West Street peke yangu,
mlango ukasita kufunga, kama unauliza: una hakika?
Nikakuta barabara, maghala, duka la matairi.
Nikasimama dakika kumi kwa adabu,
nikapanda tena.
Nilimwambia Mwasiti nimeona matairi.
Alicheka hadi bando lake likaisha,
akapiga tena kwa simu ya jirani ili amalizie:
"Mtembezi hula miguu yake.
Wewe umekula na viatu."

Februari kikaletwa kinywa cha Bi. Gilchrist.
Ndani ya boksi, picha ya arusi iliyopauka
na karatasi: meno mawili ya mbele, juu,
yaachiwe nafasi katikati, kama zamani.
Dougie, mkuu wangu, akakuna kidevu.
"Nani analipia pengo?"
Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza
kwamba pengo ni kilichoondoka,
mwanya ni ulichojaliwa;
kwamba mama yangu, nilipoota meno,
aliita majirani watatu waje kuchungulia,
na wa nne alikuja mwenyewe.
Nilisema tu, "Nitafanya mimi."
Nikauacha mwembamba, nikalainisha kingo zake
mpaka mwanga wa taa ya mezani ukapita
bila kujikwaa.

Jumamosi ya kumi na moja, Govan.
Nilikuwa natafuta kanisa lenye mawe ya makaburi ya kale,
nimesikia yana migongo kama wanyama waliolala.
Ramani nimeigeuza mara tatu.
Mwanamke mwenye kikapu cha magurudumu akasimama,
akauliza kama nimepotea.
Nikasema sijapotea, natembea tu.
Kwenye mvua hii?
Kwenye hii hii.
Akacheka,
na katikati ya kicheko hewa ikapita
pale pale nilipoiachia njia.

Sikumwambia. Unaanzaje kumwambia mtu
kwamba ulimjua kinywa kabla ya sura,
kwamba ulimshika kaakaa kwa wiki nzima
redio ikisoma matokeo ya mpira?
Alinielekeza taratibu: kushoto, duka la mikate,
kushoto tena. Maneno mengine yalitoka na mluzi mdogo.
Nilimsikiliza mluzi, nikasahau njia,
nikaenda kulia.
Nikaona aibu kurudi asije akaniona.
Nikatokea mtoni badala ya kanisani,
nikala mkate wangu huko, umelowa.

Jioni, juu ya ngazi za kituo, simu.
"Umeshaujua mji?"
"Kuna mtu mmoja namjua."
"Haya! Anaitwa nani?"
"Jina la kwanza sijui."
Akanyamaza. Mwasiti, kunyamaza.
Chini treni iliingia, ndogo, rangi ya chungwa.
"Bado vituo vitano," nikamwambia,
nikajikuta nacheka kwa mdomo wazi,
baridi ikiniingia katikati ya meno ya mbele,
yangu mwenyewe.